Wingu la Barabara ya Kumi na Tatu

Wingu langu lina fyuzi.
Lina waya ulioungwa kwa selotepu
na feni inayokohoa kama mzee Semboja akija kudai kodi.
Limekaa juu ya stuli, chumba cha nyuma, Ngamiani,
pale baba alipokuwa akianika picha kwa vibanio vya nguo.

Baba aliweka sura za watu kwenye makopo ya biskuti.
Mimi nilizipeleka ng'ambo,
nikalipia kila mwezi kwa sarafu nisiyowahi kuishika,
hadi kadi ilipogoma
wakaniandikia, kwa adabu sana,
kwamba siku thelathini zikipita watafuta.
Si kutafuta. Kufuta.
Harusi mia nne na kumi,
timu ya Makorora na jezi zake za kuazima,
Bi. Mwanakheri wa mahamri akiwa bado na meno.
Wahenga walishasema nguo ya kuazima haistiri,
wakamalizia kwa neno ambalo sitaliandika.

Singano wa duka la wino akasema: usijenge, dada,
kuna mashine iliyokwisha pikwa.
Faili moja, ndani yake mfumo, ghala, mlango na kitasa.
Wewe pakua tu.
Kwetu neno ni lilelile,
la sufuria na la mtandao.

Nikanunua bando la usiku.
Saa sita, saa nane, asilimia themanini na tisa
umeme ukayumba, nami nikayumba.
Muadhini alipopuliza kipaza sauti, ikatimia mia.

Kompyuta kuukuu,
niliyoinunua shamba la mkonge lilipouza samani za ofisi,
ikabeba kompyuta nyingine tumboni:
haina bati, haina uzito,
yenyewe inaamini ina diski, ina kumbukumbu, ina saa.
Sikuicheka.
Nami nimo kwenye nyumba ya kupanga
nikiamini ni yangu.

Kisha hofu.
Aliyeipika ni nani?
Mkono gani ulitia chumvi, ukaniachia nywila ya watu wote,
ile ambayo kila mwizi duniani anaijua?
Chakula cha nisiyemjua nimekila, ndiyo,
ila kitasa nilibadilisha kabla sijanawa.
Nywila yangu sasa ni ndefu, ina jina la paka
na mwaka wa
nimeshasema mno.

Nikapandisha picha kumi, kisha elfu.
Kaka yangu Mhina, anayepima ardhi Mpanda,
akafungua simu yake akamwona baba, kamera shingoni.
Akanyamaza.
Nikadhani mtandao umekatika.

Alhamisi moja akapiga kelele: "Wingu limeanguka!"
Halijaanguka. Luku imeisha.
Nikabofya tarakimu ishirini gizani,
nikakosea, nikarudia,
wingu likakohoa, likapanda.

Ndipo nikajua haliko juu.
Liko kwenye stuli, na panya wa mtaa huu hawachagui.
Basi kila mwisho wa mwezi nafunga nakala kwenye khanga,
naipeleka Muheza kwa shangazi Mwajabu.
Anaiweka sandukuni, chini ya sanda yake aliyojinunulia,
na kila mara ananiuliza kama kitu hiki kinakula.

Juzi akaja kijana wa Bi. Mwanakheri, macho mekundu.
Nyumbani hawana picha yake hata moja,
zote zilikuwa kwenye simu iliyoingia maji.
Nikaandika jina. Feni ikahangaika.
Akatokea mama, unga mpaka viwikoni,
anacheka, meno yote.

Kijana akakaa chini, sakafuni.
Baadaye sana akauliza: "Nikulipe shilingi ngapi?"
Nikatazama mita.
Zimebaki uniti mbili nukta nne.
"Ninunulie umeme," nikamwambia.